Dozi ya Pili na Kubadilika kwa Chanjo Mbeya na Iringa

Chanjo nyingi hazimalizwi kwa sindano moja. Dozi ya kwanza huufundisha mwili kumtambua adui, na zinazofuata hukaza somo hilo lisisahaulike. Tangu huduma za chanjo zianze kutolewa kwa utaratibu katika mikoa ya Mbeya na Iringa, mambo mawili yamekuwa yakienda pamoja: wapo wanaokosa kurudi siku waliyopangiwa, na wapo wanaorudi wakakuta chanjo iliyomo kwenye jokofu si ile waliyoanza nayo. Wengi walikuja kuliona jambo la pili wakati wa UVIKO-19, majina ya kampuni yalipoanza kutajwa sokoni na kwenye mabasi. Lakini lilikuwepo kabla ya hapo kwa miaka mingi, likipita kimya kimya kwenye kadi za kliniki.

Kukosa kurudi kuna sababu zinazoonekana kwa macho katika Nyanda za Juu Kusini. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na upande wa Rungwe na Kyela huzidi hapo. Barabara za udongo za Kilolo huwa telezi kiasi kwamba hata pikipiki husukumwa. Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mfugaji huhama na mifugo yake, na familia humfuata; Mufindi, mama anayechuma chai kwa kibarua hupoteza ujira wa siku akienda kliniki. Vijiji vilivyo mbali na zahanati hutegemea huduma ya mkoba: muuguzi hufika na sanduku la baridi lenye vipande vya barafu, hukaa chini ya mti au kwenye ofisi ya kijiji, kisha huondoka. Huduma hiyo ikipangwa mara moja kwa mwezi, mama aliyeikosa kwa siku moja husubiri siku thelathini.

Chanjo ya ndui haikuleta shida ya namna hii. Mtu alikwaruzwa ngozi mara moja, kidonda kikapona na kuacha kovu, na kovu lenyewe likawa cheti ambacho hakipotei wala hakilowi. Hata neno chanjo limetoka huko, kwenye kuchanja ngozi, kitendo ambacho watu walikwisha kukijua kwa chale za waganga. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 1980 kwamba ndui imetokomezwa, na chanjo yake ikaachwa.

Mwaka 1975 Tanzania ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuchanja watoto dhidi ya kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, maarufu kama DPT, ilitaka dozi tatu, na hapo ndipo kadi ilipochukua nafasi ya kovu. Kadi ya kliniki ni kipande cha karatasi ngumu chenye vyumba vya tarehe. Mama huikunja ndani ya mfuko wa plastiki, huifunga kwenye pindo la khanga, huiweka chini ya godoro pamoja na vyeti vingine. Chumba chenye tarehe kina dozi. Chumba kitupu kina deni. Nyumba ikivuja au ikiungua, kumbukumbu ya mtoto hubaki kwenye rejista ya zahanati tu, ambayo nayo haimfuati mtoto akihamia wilaya nyingine.

Badiliko la kwanza kubwa la aina ya chanjo lilifika mwaka 2002, chanjo ya homa ya ini B ilipounganishwa na DPT katika kichupa kimoja. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga ya bakteria wa Hib, wanaosababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo, na chanjo hiyo ikawa ya magonjwa matano. Nyakati zote mbili walikuwepo watoto waliokuwa katikati ya safari, wana dozi moja au mbili za chanjo ya zamani. Kanuni inayotumika katika hali hiyo ni kwamba mtoto haanzi upya. Anaendelea kuhesabiwa pale alipofikia, kwa chanjo iliyopo. Sehemu ya pepopunda katika kichupa kipya ni ileile iliyokuwa katika cha zamani, na chembe za kinga zenye kumbukumbu huitambua bila kujali imetengenezwa India, Ubelgiji au Korea. Kuchelewa pia hakufuti kilichokwisha kujengwa: mtoto aliyepangiwa wiki ya kumi akaletwa wiki ya ishirini hupewa dozi yake ya pili siku hiyohiyo, kisha ya tatu baada ya wiki nne. Kanuni hii haijatangazwa vya kutosha. Mama anayeamini kwamba akichelewa ameharibu kila kitu, tena akiogopa kugombezwa mbele ya wenzake, hukaa nyumbani, na deni la wiki chache hugeuka la miaka.

Historia ya polio inaonyesha kwa uwazi zaidi jinsi chanjo inavyoweza kubadilika huku jicho la mama likiona kitu kilekile. Kwa miongo kadhaa watoto walipewa matone mawili mdomoni, yenye kinga dhidi ya aina zote tatu za kirusi cha polio. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996, na Novemba 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mwaka huohuo ilithibitishwa kwamba kirusi cha asili cha aina ya pili kimekwisha duniani. Matone yaliendelea kubeba kirusi cha aina hiyo kilichodhoofishwa, na kirusi kilichodhoofishwa kikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa huweza kurudisha ukali wake. Kwa hiyo, katika wiki mbili kuanzia tarehe 17 Aprili 2016, nchi zote zilizotumia matone ya aina tatu ziliyaondoa na kuweka ya aina mbili, ya kwanza na ya tatu.

Kwa mama wa Mwanjelwa, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, hapakuwa na tofauti. Kichupa kilikuwa kidogo kama cha zamani, matone yalibaki mawili, na kadi ilijazwa vilevile. Pengo la aina ya pili lilipaswa kuzibwa na sindano ya polio, lakini uhaba wa sindano hiyo duniani uliichelewesha, na Tanzania iliianza mwaka 2018. Watoto waliozaliwa kati ya mabadiliko hayo mawili walikua na kadi zilizojaa ambazo hazikuwa na kinga ya aina ya pili hata kidogo. Huu ndio mfano halisi wa hatari ya kubadili chanjo: hatari huja pale chanjo mpya inapokuwa na kitu pungufu, na aliyepungukiwa hana namna ya kujua.

Polio haikukaa mbali. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepata polio ya asili jijini Lilongwe, na mwezi uliofuata watoto wa mikoa inayopakana na nchi hiyo, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, walipewa matone nyumba kwa nyumba. Iringa ilifikiwa katika awamu ya nchi nzima mwezi Mei. Na pengo la aina ya pili halikusahauliwa na kirusi: mwaka 2023 mtoto mkoani Rukwa alipatikana na polio ya aina ya pili iliyotokana na kirusi cha chanjo. Septemba mwaka huo kampeni ikafanyika katika mikoa sita ya mpakani, Mbeya ikiwemo na Iringa haimo, kwa matone mapya yaliyoundwa mahususi dhidi ya aina ya pili na kuwa magumu kurudia ukali. Walengwa walikuwa watoto walio chini ya miaka minane. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, miaka minane inaangukia karibu kabisa na mwaka ambao matone ya zamani yaliondolewa.

Wachanjaji wa kampeni hizo walibeba kitu kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Kwenye lebo ya kila kichupa cha matone pana duara la rangi iliyoiva, na ndani yake mraba mdogo mweupe. Joto likiingia, mraba huanza kukolea. Ukifikia rangi ya duara, kichupa hutupwa, hata kama tarehe yake ya mwisho bado. Mchanjaji aliyepanda milima ya Rungwe tangu alfajiri huutazama mraba ule kabla ya kufungua mdomo wa kila mtoto, kisha humpaka wino kwenye kidole kidogo, ili anayekuja nyuma yake ajue kazi imekwisha.

Chanjo ya surua ilibadilika bila misukosuko. Mwaka 2014 dozi ya pili iliongezwa katika umri wa miezi 18, na mwishoni mwa mwaka huo chanjo ya surua pekee ikapisha ya surua na rubela. Mtoto aliyeanza na ya zamani akamalizia na mpya, akapata nyongeza ya rubela.

Wakati kliniki zikibadili chanjo kwa sababu za ugavi na sera, jijini Mbeya kulikuwa na kazi nyingine iliyofanya badiliko hilo kwa makusudi. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kilikua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani ulioanza miaka ya 1990. Sababu ya kuwekwa hapo inajulikana kwa kila aliyewahi kukaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. VVU viliingia mapema katika miji ya barabarani, tena si vya namna moja: aina ndogo za A, C na D zilikutana Mbeya na kuchanganyika. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia wanawake wapatao 600 waliofanya kazi katika baa za mkoa huo, kundi lililobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa na ambalo damu yake ilifundisha mengi kuhusu mchanganyiko huo.

Chanjo moja ya VVU ikirudiwarudiwa haikuwahi kutosha, na watafiti wakageukia mpango wa chanjo mbili tofauti: moja ya kutangulia na nyingine ya kukoleza. Mantiki yake ni nzuri. Chanjo nyingine husafirishwa mwilini na kirusi kisicho na madhara, mfano wa mafua. Ukimrudia mtu na kirusi hichohicho, mwili wake hukimbilia kupigana na mbebaji, na mzigo hauonekani. Ukibadili mbebaji na kubakiza mzigo, kumbukumbu yote huelekea kwenye mzigo. Kuanzia mwaka 2006 watu 324 wa Kampala, Kericho na Mbeya walishiriki jaribio ambalo wengine wao walipewa sindano tatu za chanjo ya DNA, kisha moja iliyobebwa na kirusi cha mafua kiitwacho Ad5. Baadaye ukaja mradi wa TaMoVac, uliounganisha Tanzania na Msumbiji, ambapo watu wa Dar es Salaam, Mbeya na Maputo walitanguliziwa DNA na kukolezwa kwa kirusi cha MVA, ndugu aliyedhoofishwa wa familia ya ndui. Majaribio hayo yalipima usalama na mwitikio wa mwili, na kwa vipimo hivyo mchanganyiko ulifanya kazi.

Waliojitolea walibeba zaidi ya maumivu ya sindano. Baadhi ya waliopewa chanjo za aina hii hutoa majibu chanya katika vipimo vya kawaida vya VVU ingawa hawana kirusi, kwa kuwa kipimo kinasoma kingamwili zilizoletwa na chanjo. Katika mikoa ambako kipimo hicho kinaweza kuvunja uchumba, kukubali jambo hilo kulikuwa ujasiri ambao haujasifiwa inavyostahili.

Jaribio kubwa la mwisho katika mlolongo huo, PrEPVacc, lilianza Desemba 2020 na kusajili watu 1,512 katika vituo vya Masaka, Dar es Salaam, Mbeya na Durban. Mipango miwili ya chanjo mchanganyiko ililinganishwa na sindano isiyo na dawa, kila mshiriki akitakiwa kurudi wiki ya 4, ya 24 na ya 48. Novemba 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwa kuwa takwimu zilionyesha hapakuwa na matumaini ya kinga. Matokeo yalileta huzuni. Hata hivyo, tangu jaribio la 2006 watumishi wa Mbeya walikuwa wamechanja watu aina mbili za chanjo kwa zamu, kwa ratiba na kwa uangalizi wa karibu, wakati ambapo watu wengi duniani hawakuwa wamelisikia wazo hilo.

Walilisikia mwaka 2021. Tanzania ilichelewa kuingia katika chanjo za UVIKO-19. Serikali ya Rais John Magufuli ilizitilia shaka, na baada ya kifo chake Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nchi ikajiunga na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na tarehe 24 Julai dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya kampuni ya Johnson & Johnson, zikatua Dar es Salaam zikitoka Marekani. Siku nne baadaye Rais alichanjwa hadharani. Janssen ilikuwa sindano moja, na hilo liliifaa nchi ya milima na safari ndefu: aliyechanjwa Makete au Mafinga hakuwa na siku ya kurudi. Ilihifadhika pia katika nyuzi joto 2 hadi 8, joto la jokofu lilelile la chanjo za watoto.

Oktoba ikafika Sinopharm ya China, na baadaye Pfizer na Moderna, zote za dozi mbili. Hapo swali la zamani likarudi likiwa na sauti. Sinopharm ilitaka wiki tatu hadi nne kati ya dozi na dozi. Pfizer siku 21 kwa ratiba ya awali. Moderna siku 28. Pfizer kwa muda mrefu huhifadhiwa katika baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, na ikishatolewa huko ina muda wa kuhesabika, kwa hiyo haikai ikimsubiri aliyechelewa. Shehena zilifika kwa mafungu. Aliyerudi baada ya miezi miwili aliweza kukuta kituo chake kina chanjo nyingine kabisa. Dereva au mfanyabiashara wa Kyela aliyepata dozi ya kwanza ng'ambo ya Mto Songwe alikuwa na shida kubwa zaidi: Malawi ilianza Machi 2021 na AstraZeneca, chanjo ambayo haikuwa miongoni mwa zile za mwanzo Tanzania Bara.

Jibu la kisayansi lilipatikana hatua kwa hatua. Katikati ya mwaka 2021 jaribio la Com-COV nchini Uingereza lilionyesha kwamba waliopewa AstraZeneca kisha Pfizer walijenga kingamwili nyingi kuliko waliorudia AstraZeneca, ingawa homa na uchovu wa siku moja mbili viliongezeka. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: kurudia chanjo ileile ndiyo njia ya kawaida, lakini pale inapokosekana, aliyeanza na chanjo ya kirusi kilichouawa kama Sinopharm anaweza kumalizia kwa ile inayobebwa na kirusi cha mafua, kama AstraZeneca, au ya mRNA, kama Pfizer na Moderna, na aliyeanza na AstraZeneca anaweza kumalizia kwa mRNA. Aliyechelewa apewe dozi mapema iwezekanavyo, bila kuanza upya. Sababu ni ileile iliyojulikana kwa DPT. Pfizer, Moderna, Janssen na AstraZeneca zote hufundisha mwili kuitambua miiba ya kirusi cha korona, na Sinopharm huuonyesha kirusi kizima, miiba ikiwemo.

Mwongozo ulitangulia, imani ikafuata nyuma kwa kuchechemea. Mtu aliyekuwa amesikia miezi kadhaa kwamba chanjo ni jambo la kutiliwa shaka hakuwa tayari kusikia kwamba mbili tofauti ni salama. Tena vyeti vya safari, vilivyotolewa na serikali kwa njia ya mtandao, viliandika jina la chanjo, na jina likaanza kuonekana kana kwamba ndilo kinga yenyewe.

Chanjo ambayo historia hii inaishia kwayo kwa sasa ni ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayowaathiri wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikitenganishwa na miezi sita, kwa sehemu kubwa shuleni. Miezi sita ni mirefu katika maisha ya msichana wa umri huo. Kutoka vijiji vya Iringa wasichana wengi wamekuwa wakipelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Aliyechomwa ya kwanza darasani Kilolo anaweza kuwa Dar es Salaam siku ya pili inapofika, katika nyumba ambayo hakuna anayejua kuwa anadaiwa sindano, na kadi yake iko kwa mama yake.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wenye kinga ya kawaida. Sehemu ya ushahidi ilitoka Tanzania kwenyewe: jaribio la DoRIS jijini Mwanza lilifuatilia wasichana 930 waliopewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo mbili za kampuni tofauti. Aprili 2024 nchi ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na msichana yule wa Kilolo, bila kwenda popote, akahesabika kuwa amekingwa.

Kwa wanaoishi na VVU kanuni ni nyingine: wanahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, kwa kuwa mwili wao hujenga kumbukumbu kwa shida na hatari yao ya saratani hiyo ni takriban mara sita ya wengine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012, asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, viwango vya juu kabisa nchini. Katika kliniki za tiba na matunzo za mikoa hii, dozi ya pili bado inapangiwa tarehe. Msichana akiikosa, haanzi upya. Na akirudi akakuta chanjo ya kampuni nyingine, au kadi haionyeshi alianza na ipi, huchomwa iliyopo.